Shajara ya RV-7: mkia tayari, bawa la kushoto limesimama, tanki la kwanza liko kwenye jaribio la upepo

Mkia

Mkia umeisha wote. Stabilaiza ya mlalo na ya wima (yale mabawa madogo ya nyuma), ruda inayogeuza pua kushoto na kulia, na eleveta mbili za kuinua na kushusha pua, zote zimetundikwa ukutani na kufunikwa shuka, meza sasa ni ya mabawa. Kwa anayeingilia hapa katikati, ninachounda ni RV-7, ndege ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, ya alumini, ya kwangu ni ile yenye gurudumu dogo nyuma, na vipande vyake vinakuja kwa seti, kwanza mkia, alafu mabawa, alafu bodi, yaani mwili wa ndege, alafu seti ya kumalizia, injini na pangaboi na vyombo vya dashibodi unatafuta pembeni. Huo mpangilio una akili sana. Mkia ni mdogo, unaenea kwenye chumba cha kawaida, lakini una karibu kila aina ya kazi utakayokutana nayo mbele, kwa hiyo mtu anajua mapema kama kazi yenyewe anaipenda au alichopenda ni kuwa na ndege tu.

Sitauandika sana maana nusu yake ni kurudia yale yale, ila ukingo wa nyuma wa ruda lazima niuseme. Ngozi mbili za ruda, yaani bati zake za nje, zinakutana nyuma kwenye kipande chembamba cha umbo la kabari, ribiti (vile vipini vya alumini vinavyogongwa kushikanisha bati) zinapita kwenye vyote vitatu, na pande zote mbili lazima ribiti ilale sawa na ngozi. Ukianza mwisho mmoja ukaenda mfululizo mpaka mwisho wa pili, chuma kinajivuta kidogo kwa kila ribiti na ukingo unapinda, na ruda iliyopinda ukingo inavuta pua ya ndege upande mmoja muda wote uko angani. Nilichofanya nimepaka silanti ya matanki, ile gundi ya kuziba mivujo, nyembamba sana kwenye kabari, nikabana ukingo mzima kwenye angle ya alumini iliyonyooka, kila tundu na kibanio chake cha kleko, nikaiacha mpaka ikaiva kabisa, ndo nikaanza ribiti kwa kurukaruka, moja hapa, nyingine mbali kule, nyingine katikati, kila moja naibana kidogo tu alafu narudi kuimalizia baadaye. Nimelaza rula ndefu ya chuma juu yake na hamna mwanga unaopita chini. Nimefurahi sana.

Eleveta ziko tofauti, pale ngozi ni moja imekunjwa nyuma, na ndani kuna vipande vya kukaza vimepigwa ribiti kila upande. Kabla hujafunga unaweka tone la silikoni pale ncha za vile vipande zinapokutana karibu na mkunjo, maana bila hiyo ngozi inatetemeka kwenye upepo wa pangaboi na nyufa zinaanzia hapo hapo. Tone lenyewe dogo kabisa, ukishafunga hakuna atakayeliona tena, na kwangu sehemu kama hizo ndo zenye uzito kuliko rangi na dashibodi, sehemu ambazo ukishazifunga umezifunga. Mabawa yamejaa sehemu za hivyo.

Ribiti

Watu wengi wanadhani kazi kubwa ni kugonga ribiti. Kugonga ni sekunde chache. Kabla ya hizo sekunde kila tundu limeshashikwa mara nyingi: unapanga vipande na kuvibana na kleko, unapitisha biti ili tundu liwe saizi kamili, unavitenganisha vyote, unasafisha makali ya kila tundu pande zote mbili, unabonyeza kibonyeo ili kichwa cha ribiti kizame, unasugua, unasafisha mafuta, unapaka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu), unasubiri, unapanga tena na kleko, ndo unagonga. Kleko ni vile vibanio vidogo vya springi vinavyoingia ndani ya tundu na kushika bati mbili pamoja, za rangi ya fedha ni za tundu la inchi 3/32 na za rangi ya shaba ni za inchi 1/8, na ukishafanya kazi hii kidogo mkono unachagua wenyewe bila macho.

Ribiti zenyewe ni za alumini ngumu aina ya AD, unaitambua kwa kale kashimo kadogo katikati ya kichwa. Zenye kichwa cha kuzama zina pembe ya digrii 100, hizo ndo za ngozi ya nje ambako hewa inapita. Kipimo ninachokiangalia ni kile kichwa kinachotengenezwa nyuma ukishagonga: upana mara moja na nusu ya unene wa ribiti, urefu nusu ya unene wake. Yaani ribiti ya inchi 3/32, ambayo ni kama milimita 2.4, nyuma inatakiwa iwe na upana wa kama milimita 3.6 na urefu wa kama milimita 1.2. Kuna geji ndogo ya kupimia, inakaa shingoni kwangu na kamba. Mwanzoni unapima zote, baadaye jicho linazoea, lakini bado napima zile za sehemu zinazofungwa.

Kwa nini kibonyeo na sio kuchimba koni kwenye bati? Kwa sababu bati za ngozi ni nyembamba, ukichimba koni kwenye bati nyembamba tundu linabaki na ukingo mkali kama wembe na kipenyo kinaongezeka, ribiti haina cha kushika. Ukibonyeza, chuma chote kinabaki, na bati ya juu inakaa ndani ya bati ya chini, zinashikana hata kabla ya ribiti. Koni naichimba pale tu chuma ni kinene, kama kwenye flanji, yaani kingo pana, za boriti kuu ya bawa.

Na hii ya makali ya tundu, jamani, msiiruke. Alumini ya ngozi ni 2024-T3, ina nguvu sana ila haipendi mkwaruzo, ufa wa uchovu wa chuma unatafuta mahali pa kuanzia na tundu lenye ncha za biti ni mwaliko. Juu ya hiyo 2024 kuna tabaka jembamba la alumini safi ambalo ndo linalozuia kutu, kwa hiyo mkwaruzo mrefu wa kina unaondoa kinga. Na penseli isikaribie kabisa. Risasi ya penseli ni grafiti, ikibaki kwenye alumini ikapata unyevu inaanza kula chuma. Kalamu ya wino wa kudumu ndo ya kuchorea, tena hata hiyo naifuta kabla ya praima.

Kuhusu ribiti iliyokaa vibaya kidogo, mimi nimechukua msimamo ambao wazoefu wengi wanao: kama kasoro ni ya sura tu na vipimo vimo ndani ya mipaka, iache. Kuitoa ni kutoboa kichwa kwa biti mpaka kwenye shingo yake, kukivunja, alafu kusukuma mwili utoke, na kila ukitoa unahatarisha kupanua tundu au kulifanya yai, na tundu la yai ni tatizo kubwa kuliko kichwa kilichoinama kidogo. Iliyolala upande, iliyopasuka, au iliyoacha nafasi kati ya bati, hiyo inatoka, hapo hamna mjadala.

Kwa nini kila hatua inapigwa picha

Nimeulizwa kwa nini shajara ina picha nyingi za vitu vilivyo wazi na mkono wangu umo ndani. Ndege za namna hii, sheria ya Marekani ambayo inajulikana zaidi inataka sehemu kubwa ya kazi, ile inayoitwa kanuni ya asilimia 51, iwe imefanywa na mtu au watu kwa ajili ya kujifunza au burudani yao, na anayekuja kukagua anataka kuona ushahidi kwamba ni wewe kweli. Shajara ndo ushahidi. Lakini hata pasingekuwa na sheria ningepiga, maana miaka ijayo nikitaka kujua waya ule ulipita wapi au bolti ile ilikuwa ya urefu gani, picha itanijibu bila kung'oa ngozi.

Na kuna jambo lingine linalonipa moyo. Watu kuunda ndege nyumbani sio fasheni ya juzi. Santos-Dumont, rubani na mvumbuzi wa Brazil, aliiacha michoro ya ndege yake ndogo Demoiselle itumike na yeyote bila malipo, hiyo ni kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Bernard Pietenpol mwaka 1929 aliunda ndege yake ya mbao na kuifunga injini ya gari la Ford Model A. EAA, chama cha waundaji, kilianzishwa 1953 na Paul Poberezny. Hao wote walifanya kazi kwa michoro, kila tundu walipima wenyewe, kila mbavu, vile vipande vinavyolipa bawa umbo, waliiunda wenyewe. Richard VanGrunsven, mwanzilishi wa kampuni inayotengeneza seti za RV, alirusha RV-3 yake ya kwanza 1971, na seti za mwanzo za RV bado zilikuwa zinataka ujenge fremu kubwa ya kushikilia bawa lisipinde wakati unatoboa. Mimi nimepata bati ambazo matundu yameshatobolewa kiwandani na mashine ya kompyuta, matundu ya ngozi yakikutana na matundu ya mbavu bawa limenyooka lenyewe. Ndege za RV zilizoruka zimeshapita 10,000. Nikiwa naangalia tundu linaingia kwenye tundu bila kulazimisha nawaheshimu sana wale waliofanya hii kitu kwa rula na msumari.

Bawa la kushoto

Boriti kuu ya bawa inakuja ikiwa imeshaunganishwa kiwandani, na nashukuru, maana ndo mfupa unaobeba kila kitu, ribiti zake ni nene na zinahitaji mashine kubwa. Kazi yangu kwenye boriti ilikuwa kuchimba koni za skrubu za tanki na kufunga nati za kudumu. Nati za kudumu ni zile zinazopigwa ribiti kwenye bati ili skrubu iingie kutoka nje bila mtu kushika nati ndani, ni nyingi mno kwenye bawa na ni kazi ya kuchosha kidogo, weka redio.

Mbavu zilikuja zimepinda kidogo, na hii ni kawaida kabisa, bati ikikandamizwa kwenye kalibu flanji zinajikunja na mbavu inakuwa upinde. Kila mbavu unainyoosha kwa koleo maalum ya kufinyia, unafinya kidogo kidogo katikati ya tundu na tundu mpaka ukiilaza mezani imelala yote, alafu flanji unazirudisha kwenye digrii 90. Nilikaa muda mrefu hapa na sijutii hata dakika, mbavu ikinyooka ngozi inakaa yenyewe, isiponyooka utapigana na kila tundu.

Alafu bawa linasimamishwa kwenye stendi, boriti kuu chini, ukingo wa mbele ukining'inia chini, boriti ya nyuma juu, na hapa ndo timazi zinaingia. Bawa la RV-7 lina upana ule ule kutoka kwenye bodi mpaka ncha na halina msokoto, kwa hiyo unaning'iniza timazi mwanzo, katikati na mwisho, unapima umbali wa uzi, na namba zote zinatakiwa zifanane. Bawa likiwa na msokoto hata kidogo upande mmoja utanyanyuka kuliko mwingine na rubani atashika fimbo kwa kuvuta pembeni maisha yote. Nimepima asubuhi, nimepima jioni, nimepima tena kila baada ya kukaza kleko za ngozi, na namba zimekaa pale pale.

Kugonga ngozi ya juu ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani ameshika kile chuma kizito cha kupokelea, changu ni cha tangsteni, kidogo lakini kizito sana kwa saizi yake na kinaingia kwenye kona za mbavu. Mdogo wangu ndo anashika chuma, na tumekubaliana maneno mawili tu: yeye akisema "tayari" napiga, akisema "kaka ngoja" naondoa kidole hapo hapo hata kama nimeshaanza. Hakuna kuzungumza kingine wakati wa kazi. Presha ya kompresa tumeishusha mpaka ribiti moja inachukua kama sekunde mbili tatu hivi, ukiweka presha kubwa inaisha haraka lakini huna nafasi ya kusimamisha mambo yakienda kombo, na ukiweka ndogo mno unagonga muda mrefu na ribiti inakuwa ngumu kabla haijakaa. Sauti nayo inakuambia, nyundo ikiwa imelala sawasawa mlio ni mmoja mzito, ikiinama mlio unabadilika na hapo unaacha kabla kichwa hakijaacha alama kwenye ngozi.

Tumeanza katikati ya ngozi tukaenda pembeni, ili bati isijikusanye ikatengeneza uvimbe. Ngozi ya chini sijaigusa na sitaigusa mpaka mwisho kabisa. Ndani ya bawa bado kuna bomba la kupitishia waya wa taa ya ncha, njia ya kipimo cha kasi, na fimbo za kuendesha eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege kushoto au kulia), na kabla ya kufunga nataka jicho la pili, mtu mwingine aliyewahi kuunda aje aingize kichwa na tochi aangalie kila nilichoangalia. Naomba kila anayeunda afanye hivyo. Macho yaliyofanya kazi yanaona kile yanachotarajia kuona.

Tanki

Sasa tufike kwenye lile ambalo kila mtu analiogopa. Kwenye RV-7 tanki sio pipa linalowekwa ndani ya bawa, tanki ndo ukingo wa mbele wa bawa wenyewe kwenye nusu ya karibu na bodi, ngozi ya bawa ndo ukuta wa tanki, na mafuta yanagusa kila ribiti. Matanki mawili pamoja yanabeba galoni 42 za Marekani, kama lita 159. Kwa hiyo kila ribiti, kila mbavu, kila kona ni mahali panapoweza kuvuja, na kinachozuia ni silanti tu.

Silanti yenyewe ni ya sehemu mbili, ya jamii ya polisalfaidi, ile ile ya matanki ya ndege kubwa, ukichanganya inakuwa nzito kama lami na inanuka vibaya, na inashika kila kitu isipokuwa mahali unapotaka ishike kama hujasafisha. Yangu inachanganywa sehemu kumi kwa moja kwa uzito, sio kwa ujazo, kwa hiyo mizani ndogo ya dijitali ni lazima. Nachanganya kidogo kidogo, kiasi cha mbavu moja au mbili, maana ukishachanganya saa imeanza kuhesabu, na joto la chumba likipanda inaharakisha kuganda. Changanya mpaka rangi iwe moja kabisa, bila mistari, michirizi ikibaki kuna sehemu haitaiva milele.

Kinachoamua kama itashika ni maandalizi ya bati. Kila eneo litakaloguswa nimelisugua kwa sponji ya msasa mpaka mng'ao ukatoka wote, alafu nikafuta kwa asetoni na kitambaa cheupe, nikabadilisha kitambaa, nikafuta tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Baada ya hapo hakuna kugusa kwa mkono mtupu. Glovu, tena nabadilisha kila zikichafuka, rundo la glovu kwenye ndoo ni kubwa na ndivyo inavyotakiwa. Hewa pia, milango wazi na barakoa ya kichujio cha kemikali, sio ile ya vumbi.

Mpangilio ninaoufuata ni huu: napaka tabaka jembamba kwenye flanji ya mbavu, naiteremsha ndani ya ngozi, kleko, kila ribiti inachovywa kidogo kabla ya kuingia tunduni, naigonga ikiwa mbichi, alafu upande wa ndani kila kichwa cha ribiti nakifunika kwa tone, na kwenye kona yote ambapo mbavu inakutana na ngozi napitisha mstari kwa sirinji kubwa na kuulainisha kwa kijiti cha mviringo mpaka unakuwa mteremko laini. Mteremko ndo siri, sio wingi. Rundo la silanti lililosimama lina mashimo ya hewa ndani, ila mteremko mwembamba uliokandamizwa vizuri umeshika pande zote.

Ndani ya tanki kuna vitu vitatu ambavyo nimevipiga picha kila pembe. Kwanza bomba la kupumulia, linaanzia juu kabisa kwenye ncha ya nje ya tanki kwa sababu bawa limeinuka kuelekea nje na hewa inakimbilia hapo, bomba likiziba pampu itavuta mafuta mpaka tanki linyonyeke na injini inyimwe mafuta. Pili bomba la kuvutia mafuta lenye chujio, linakaa chini kabisa, na nimelifunga lisizunguke hata likitetemeka miaka. Tatu chelezo cha kipimo cha mafuta, kile kinachoelea juu ya mafuta, nimekipandisha na kukishusha mara nyingi kuhakikisha hakigusi mbavu wala bomba popote kwenye njia yake. Na kwenye kona za chini za mbavu kuna matundu ya kupitishia mafuta na maji kuelekea kwenye bomba la kutolea uchafu, hayo lazima yabaki wazi, silanti ikiziba moja basi maji yatakaa nyuma ya mbavu na hutayatoa ukikagua kabla ya kuruka. Nimepitisha waya kwenye kila moja.

Ukuta wa nyuma ndo wa mwisho, ukiuweka tanki limefungwa. Hapo huwezi kuingiza mkono kulainisha kitu, kwa hiyo unaweka mstari mnene kwenye ngozi mbele kidogo ya mahali ukuta utakapokaa, na ukuta ukishuka unausukuma ule mstari wenyewe kuelekea ndani na kuugeuza mteremko. Kwenye kona ambapo mbavu za mwisho zinakutana na ukuta nimeongeza tone la ziada, hapo ndo kuna pengo dogo na hapo ndo matanki mengi yanavuja. Kabla ya kushusha ukuta nimemwita mdogo wangu na tochi, tukahesabu pamoja kila kitu kilichoingia na kila kifaa kilichotoka.

Upepo

Silanti nimeipa muda wa kutosha kuiva, sikutaka haraka. Jaribio ni rahisi kulieleza: unaziba matundu yote, unaacha moja la kuingizia upepo, unafunga puto pale, unajaza kidogo, unaangalia kama puto linabaki vile vile. Mimi nimeweka na bomba la plastiki lenye maji lenye umbo la U pembeni, maana puto linakuambia kuna tatizo, maji yanakuambia kiasi. Presha inayotakiwa ni ndogo mno, kama psi moja (pauni moja kwa inchi ya mraba), ambayo kwenye bomba la maji ni tofauti ya kama sentimita 70 tu. Tafadhali msichomeke kompresa moja kwa moja kwenye tanki. Psi chache tu juu ya ukuta mpana kama ule ni nguvu kubwa sana, unaweza kupinda ukuta na kuachanisha silanti yote kwa sekunde moja. Pampu ya mkono, taratibu, na puto lenyewe linakulinda maana litavimba kabla tanki halijaumia.

Siku ya kwanza puto lilinywea. Nikapaka maji ya sabuni kwenye mistari yote ya ribiti, hamna povu, nikapaka kwenye ukuta wa nyuma, hamna, kwenye kona, hamna, kwenye mfuniko wa kujazia mafuta povu likatoka mfululizo. Mpira wa mfuniko haukubani vizuri kwa presha ya upepo, na kwa taarifa hii inatokea sana, mfuniko unapitisha hewa kidogo bila tanki kuwa na tatizo, kwa hiyo ukianza jaribio funika mfuniko kwa mkanda imara kwanza ndo uhukumu mengine. Nilipoufunika, puto likakaa.

Kitu kingine kinachodanganya ni joto. Hewa ndani ya tanki inapanuka na kusinyaa, na kwa kuwa presha yenyewe ni ndogo, chumba kikipoa digrii chache usiku maji kwenye bomba yanashuka sana na unaamka unadhani linavuja. Presha ya hewa ya nje ikibadilika nayo inaonekana. Kwa hiyo naandika joto la chumba kila ninaposoma bomba, na nalinganisha vipimo vya saa ile ile na joto lile lile tu. Mpaka sasa vinafanana.

Bamba la ukaguzi la kwenye mbavu ya ndani, lile ambalo kipimo cha mafuta kinapitia, maelekezo yanaruhusu gasketi (pedi ya kuziba) ya koki, ile ya vizibo vya chupa. Mimi nimeamua silanti badala ya gasketi, na skrubu kila moja imechovywa. Ikitokea siku nataka kulifungua itakuwa kazi, nakubali, itabidi kulikata polepole kwa uzi wa chuma au kisu chembamba cha plastiki, lakini koki inakauka na kusinyaa na sitaki harufu ya petroli ndani ya kabini.

Kinachofuata

Tanki la kushoto litakaa na puto siku chache zaidi, alafu linaenda kwenye bawa. Linashikiliwa na skrubu kando ya boriti na mabano yenye umbo la Z nyuma yake, bolti za mabano ni AN3, bolti za ndege za unene wa inchi 3/16, nitazikaza kwa spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza na kupiga mstari wa rangi kwenye kila kichwa cha bolti ili hata mwakani nikiangalia nijue kama imejizungusha. Tanki la kulia mbavu zimeshasuguliwa, ila silanti ya mkebe huu imebaki kidogo na tarehe yake ya kutumika inakaribia kuisha, nitaanza mkebe mpya badala ya kubahatisha.

Boriti ya nyuma pale inapoungana na bodi bado sijaitoboa na nimeiwekea alama nyekundu ya kuikataza. Lile tundu linatobolewa siku mabawa yanawekwa kwenye bodi, baada ya kupima pembe ya bawa na bodi pande zote mbili, na umbali kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati usipungue inchi 5/8 upande wowote. Hapo hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hakuna sababu ya kuliharakisha sa hivi.

Injini bado ni karatasi. Ninayoitaka ni Lycoming O-360, silinda nne, nguvu farasi 180, inayopozwa kwa hewa, kila silinda na plagi mbili zinazowashwa na mifumo miwili isiyotegemeana. Kuna wanaoniambia nifunge injini ya gari kama Pietenpol, na namheshimu mzee yule, lakini bodi hii ilichorwa kwa uzito wa injini hii mbele yake, ukibadilisha uzito wa pua unabadilisha mizani ya ndege nzima na hesabu zote zinaanza upya. Mizani ndo sababu hata praima napaka tabaka jembamba na ndani tu panapohitaji. Kila gramu kule nyuma mkiani ina mkono mrefu, yaani iko mbali na kitovu cha uzito na inavuta zaidi.

Wiki hii ni eleroni ya kushoto. Vipande vyake vimeshapangwa mezani, bomba la uzito la mbele limeshasafishwa, na mdogo wangu amesema Jumamosi yupo.